Chipu Zilizofutika Jina

Winnemucca, Nevada
Novemba 14

Mpendwa Dada Graciana,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Lander, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uliporudi Boise. Mimi mwili hauna tatizo. Huku baridi imeshaingia, na juzi nimeziba madirisha ya upande wa reli kwa nailoni kama kila mwaka. Majirani wote wanakusalimu. Mama Inchausti wa nyumba ya pili kutoka kwetu bado ananiletea supu ya kondoo kila Ijumaa, ingawa nimemwambia mara tatu kwamba sasa nakula peke yangu.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Umenishukuru tena kwa miaka mitatu niliyokaa na Kaka Domingo, ukarudia maneno uliyoyasema siku ya mazishi mbele ya watu wote, tukiwa mezani na maharage na soseji, kwamba mimi nilibeba mzigo wa watoto wote wa mama. Mwishoni ukaniomba nikutumie chipu zake za poka, vile visahani vya kuwekea dau, hata ishirini tu, ili wajukuu wako wawe na kitu cha kumkumbukia. Ni ombi dogo. Nimekaa nalo zaidi ya wiki, na nimeona siwezi kulijibu bila kukueleza mengine. Nakuomba ukae chini ukisoma.

Unajua alivyozipata. Kasino ya Silver Lariat ilipofunga milango, baada ya yeye kugawa karata pale miaka thelathini na moja, mwenye mali alimwachia masanduku mawili ya chipu za chumba cha poka. Hazikuwa na thamani tena popote duniani. Zilikuwa kama mia tisa, zile za zamani za udongo mgumu, nyekundu, kijani na nyeusi, na katikati jina la kasino limepigwa kwa dhahabu. Na zilikuwa chafu, Dada. Miaka yote ile ya jasho la mikono, moshi wa sigara, bia na mafuta ya nyama ilikuwa imegandia juu yake. Ukishika moja, ya pili inakuja nayo.

Mwaka jana mwezi wa tisa Domingo alianza kuniuliza Lurdes atarudi saa ngapi kutoka kanisani. Lurdes mkewe, ambaye tulikuwa tumemzika miaka minne kabla. Alikuwa anazunguka nyumba nzima, anafungua kabati na kufunga. Daktari wa Reno akasema nimtafutie kazi ya mikono. Sonara mmoja hapa mjini alikuwa anastaafu na kuuza vyombo vyake, nami nikanunua ile mashine yake ya kusafishia pete. Ni beseni dogo la chuma. Unatia maji, unabonyeza, nayo inayatetemesha maji kwa ndani mpaka uchafu unajitoa wenyewe kama moshi. Inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

Tulijifunza kwa kuharibu. Maji yakiwa ya moto chipu inapinda. Ukiisahau ndani, dhahabu inaanza kumeguka. Kwa hiyo ni maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, nusu dakika basi. Unaitoa, unasugua ukingo kwa mswaki laini, unaisuuza, unailaza kwenye taulo. Ikikauka inapauka kama imepakwa chokaa, na hapo unaipaka mafuta ya watoto kidogo kwa kidole, rangi yake inarudi. Domingo alisahau jina la daktari, akasahau namna ya kutumia simu, akasahau kwamba mama amekufa, na nikalazimika kumwambia upya akalia upya. Lakini hatua zile hakusahau hata moja.

Na alikuwa anaongea. Siku ya kwanza, maji yalipokuwa meusi kama kahawa, aliniita nije nione. “Angalia uchafu huu, Beltran. Hawa watu wa migodini wanakula mbavu za kuchoma halafu wanajifutia kwenye chipu zangu. Na bakshishi hawatoi.” Nikamwambia labda hiyo ndiyo bakshishi yenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kifo cha Lurdes.

Miezi mitatu tuliishi vizuri. Alisafisha kumi kwa siku, siku nyingine nane, kila moja kama anamwosha mtoto uso. Nilikuwa naweza kwenda dukani, naweza kuoga, naweza kukaa nje ngazini dakika kumi nikavuta hewa. Kisha, siku mbili kabla ya Krismasi, zikaisha.

Asubuhi iliyofuata aliwasha beseni likiwa na maji matupu, akalitazama, akalizima. Akasema amechelewa zamu. Mimi nilikuwa bafuni. Nilipotoka, mlango ulikuwa wazi. Askari wa sherifu, yule mama anayeitwa Noreen Kestler, alimkuta na ndara miguuni katikati ya njia mbili za treni ya mizigo, akimwuliza kila aliyepita mlango wa wafanyakazi uko upande gani. Wewe sikukuambia. Nilikupigia Krismasi nikakuambia anakula vizuri.

Kesho yake, kabla hajaamka, nilikaa jikoni nikachukua chipu kumi alizozisafisha, nikazipaka losheni ya mikono, nikazigaragaza kwenye majivu ya jiko, nikazidondoshea soda, nikazirudisha kwenye sanduku la chafu. Alipoamka alifungua sanduku, akashusha pumzi kama mtu aliyerudishwa kazini. “Hawa watu hawana adabu,” alisema, akavuta kiti.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kila asubuhi tangu Krismasi mpaka Oktoba. Niliweka na komeo juu ya mlango kwa nje, la kufunga nikitoka. Mwezi wa tano uliponipigia ukasema kuna nyumba nzuri ya wazee huko Boise, masista wanaiendesha, na kwamba wewe na Lander mtakuja kumchukua na gari lenu, nilikujibu kwa kiburi kwamba mtoto wa ukoo wa Arrambide hafi mikononi mwa wageni. Ukasema sawa, Beltran, wewe ndiye uliye naye. Nimelikumbuka jibu lile kila siku tangu mwezi uliopita.

Kwa sababu wakati ule mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika. Alikuwa amesahau ile nusu dakika. Chipu ilikaa majini mpaka beseni likapata moto, na majivu yangu nayo yalikuwa yanakwangua. Kufikia Julai jina la kasino lilikuwa limetoka karibu kwenye zote. Siku moja aliinua moja dirishani, akaigeuza huku na huku.

“Hii ya wapi?”

Nikamwambia ni ya Silver Lariat, kaka.

“Imeandikwa wapi?”

Akachukua nyingine, na nyingine. Kisha akanitazama, na Dada, hakuniona mimi. “Bwana,” akasema, taratibu kabisa, kwa ile sauti yake ya mezani, “weka mikono yako hapo juu niione. Nimekaa kwenye meza hii miaka thelathini. Anayeleta chipu za bandia namjua hata akija amevaa joho la padri.” Nilimwambia ni mimi, mdogo wako. Akatikisa kichwa. “Mdogo wangu namjua. Akija hapa atakutoa nje kwa masikio.”

Tangu hapo ilikuwa hivyo siku nne kati ya saba. Alisafisha asubuhi, mchana akawa hakimu. Alinipekua mifuko. Mara moja alinipiga kofi kwa mkono ulioshika mswaki, na mara moja alikataa chakula siku mbili kwa sababu kimepikwa na mwizi. Usiku namsikia ananiita mimi, Beltran, nije nimsaidie, kuna mtu ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kuhusu wajukuu, ninazo chipu mia nane na kitu, ni vidude vya duara vya rangi tu. Sioni watoto watazifanyia nini.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Nilikuambia wewe, nikamwambia padri, nikawaambia watu wote mazishini, kwamba Domingo alifungua komeo kwa njia ambayo hatutaijua. Si kweli.

Asubuhi ile aliyopotea, Jumatano, niliamka kama kawaida nikakaa jikoni. Losheni ilikuwa mezani na bakuli la majivu lilikuwa mezani. Sikuzipaka. Ukiniuliza kama nilisahau, hapana. Nilizipanga zikiwa safi kwenye sanduku la chafu, nikafunika. Alipoamka akafunua, akapitisha vidole juu yake, akafunika. Hakukasirika. Siku ile alikuwa mpole, nadhani hiyo ndiyo sehemu nitakayokwenda nayo kaburini. Aliniuliza kama ninajua zamu yake ni saa ngapi. Nikamwambia naenda dukani.

Nilitoka nikafunga komeo. Nikashuka ngazi mbili. Nikapanda tena, nikalifungua, nikaenda kwenye gari.

Dukani sikwenda. Nilikwenda hadi mtoni nikaegesha, nikakaa saa mbili na nusu bila kuwasha redio. Nilijua kabisa atafanya nini, Dada. Nilikuwa nimeshaona Desemba. Sikumwombea afe, sikuyasema maneno hayo hata moyoni. Nilitaka tu nirudi nikute nyumba haina mtu. Nikarudi nikakuta haina mtu. Na hata hapo nilikaa jikoni karibu saa nzima, nikala mkate na jibini, ndipo nikampigia Noreen Kestler.

Walimtafuta upande wa reli kwa sababu ya ile mara ya kwanza. Yeye alikuwa amevuka barabara kuu kwenda vichakani. Usiku ule ulishuka umande ulioganda. Mfugaji mmoja alimwona asubuhi, ameketi ameegemea nguzo ya uzio, amevaa kizibao chake cha kazi na tai nyeusi. Uliuliza nani alimvalisha vizuri vile kabla ya kumleta kanisani. Alijivalisha mwenyewe. Tulimkuta hivyo.

Kestler aliniuliza komeo lilikuwaje, nikasema lilikuwa limefungwa. Akaandika. Nilidhani nitaweza kuishi na mstari mmoja kwenye karatasi ya mtu mwingine. Halafu ukaja wewe, ukanishika uso kwa mikono miwili mezani, ukawaambia watu yale uliyowaambia.

Ijumaa iliyopita nilikwenda ofisini kwa Kestler nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Nilikuwa nimevaa koti zito, nikidhani nitalala huko. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akafunga mlango wa ofisi, akanimiminia kahawa. Akasema, “Beltran, nyumba ni yako na mlango ni wako. Mtu hakamatwi kwa komeo. Mama yangu nimemweka kwenye nyumba ya wazee Reno na sijaenda tangu Pasaka, sasa unataka nikufanye nini?” Nikamwambia basi arekebishe ile karatasi. Akasema faili limefungwa, niende nyumbani nikalale. Nilimaliza kahawa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, nikaondoka.

Padri sijamwendea. Yeye atanisamehe, ndiyo kazi yake, na sitaki kusamehewa na mtu ambaye hakumpoteza mtu. Domingo alikuwa wako kabla hajawa wangu. Mama alikuwa anasimulia kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kutembea, ukimshika vidole kutoka jiko hadi zizini. Kwa hiyo haya nakuletea wewe. Sina ninachoomba. Ukitaka kuwasomea watoto barua hii, wasomee. Ukitaka kuichoma, ni yako. Maneno ya mezani tu ndiyo ninayokusihi usiyarudie tena, kwangu au kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu huku mjini wameshaanza kunisalimu kwa kuvua kofia.

Nashukuru kwa picha ulizoambatanisha. Nimeziweka kwenye droo, bado sijaziangalia zote. Goti lako usilikaze kwenye theluji, mwache Lander anyunyize chumvi ya kuyeyusha barafu njiani mwenyewe. Mpe salamu zangu yeye, na watoto, na wajukuu wote mmoja mmoja kwa majina, kama baada ya kusoma haya utaona bado ni salamu za kufikishwa.

Ni mimi mdogo wako,

Beltran