Mkaa wa Maganda ya Karanga

Mwenzangu, nakuandikia mikono ina povu. Nasugua sufuria upya.

Unaukumbuka mkaa wangu wa maganda ya karanga, wa kunasa urani, yale madini yenye sumu, kwenye maji ya kisima chetu? Umenasa, hongera kwangu. Ulikuwa kwenye beseni jikoni, umesagwa laini, unangoja kwenda maabara kupimwa umenasa kiasi gani. Kuandika "usiguse" niliona ni kuwakosea watu heshima.

Mama mkwe kaona majivu. Na majivu si ya kusugulia sufuria?

Kasugua zote, hadi ya uji wa mtoto. Uji nimeukuta unachemka, nikaumwaga.

"Mwanangu, majivu yako yanang'arisha kuliko sabuni. Uyauze."

Uyauze.

Nikamweleza taratibu kwamba yamebeba sumu niliyoitoa kwenye maji. Akanitazama. "Yaani sumu umeitoa kisimani ukaileta jikoni kwangu?"

Nikachukua sabuni, nikaanza kuzisugua upya.

Maji haya niliyooshea siwezi kuyamwaga, lazima yachujwe. Kwa mkaa upi sasa? Wote umeishia kwenye sufuria.

Sufuria nimeziloweka mpaka kesho. Mama mkwe yuko mlangoni, kaninunia, anamenya karanga. Maganda anayatupia kwenye beseni langu.