Chemchemi Niliyoipiga Saruji

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Barua ya tatu kwa mhariri wa gazeti imekwenda posta. Nimewachapa waganga na wachungaji kwa pamoja. Wote wanakula kwa woga wa watu. Mchana nikapanda kwenye chemchemi iliyo juu ya nyumba yangu hapa Kihesa. Kichaka ni kidogo, chumba kimoja tu kwa upana. Ndani baridi, majani ya kangaga, konokono, vyura wadogo kama ukucha. Na kaa. Wanawake wa mtaa mzima huchota hapo, lakini kaa haguswi. Eti ndiye anayeyafungulia maji njia. Upuuzi. Maji ni mvua iliyopita chini ya mlima. Nitawaonyesha.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimefyeka. Kaa kumi na mmoja kwenye ndoo, nimewamwaga mtoni. Jirani yangu, bibi Tulamwona, alisimama na mtungi wake akitazama. "Mwalimu, umewaaga vizuri lakini? Maana njia ya kurudi wanaijua." Wenzake wakacheka.

Jumamosi, 8 Septemba
Saruji niliyoizibia chemchemi imeshika. Safi, na bomba moja la kukingia. Nimemwandikia mhariri. Vyura hawalii. Kimya hiki sikipendi.

Jumatano, 12 Septemba
Bomba kavu. Mke wangu amekwenda mtoni na kurudi, vumbi hadi magotini. Ametua ndoo mbele ya meza yangu. "Baba Sigela, kesho tunywe gazeti?" Nimekasirika. Zaidi kwa sababu hana kosa.

Ijumaa, 14 Septemba
Kaa sebuleni, saa sita mchana, milango imefungwa. Hakukimbia. Nimemtoa. Kurudi, wapo wawili chini ya rafu ya vitabu. Wametulia kama wageni waliofika mapema.

Jumapili, 16 Septemba
Sakafu ya udongo imelowa. Kangaga limechomoza ukutani, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Juzi halikuwapo. Najua maelezo: nimeyaziba maji juu, yametafuta njia chini. Maelezo hayo hayasemi kwa nini kaa walitangulia. Naogopa. Nimeliandika neno hilo, sitalifuta. Fundi anasema nivunje saruji, la sivyo matofali mabichi yatayeyuka na nyumba itakwenda. Na barua yangu ya majivuno imetoka gazetini jana.

Jumatatu, 17 Septemba
Nimeivunja kwa nyundo, mkono wangu mwenyewe, mtaa mzima ukitazama. Chini yake vumbi. Hakuna hata tone.

Jumatano, 19 Septemba
Vitabu nimevipeleka kwa shemeji. Ukuta wa nyuma umelala. Palipokuwa na meza yangu pana dimbwi. Changarawe inaonekana hadi chini. Vyura wanalia. Tangu asubuhi wanawake wanaingia kwa mlango wangu, wanachota, wanatoka. Mke wangu yumo kati yao. Nilikuwa nimesimama kizingitini.
"Sogea kidogo, mwalimu," alisema bibi Tulamwona, kwa upole.
Nimesogea.