Mfuko Niliomzikia Binti Yangu

Mama Cécile mpendwa, naomba unisaidie maana sina pengine pa kupeleka maneno haya, vita vilipotutoa kijijini tukaja kukaa kambini hapa Kalemie, mume wangu Twahiri alikuwa amekwama Kongolo na barabara imefungwa, na binti yetu mchanga akashikwa na surua akafa mikononi mwangu, sanda sina, jirani yangu Mama Pélagie akataka kukata kikwembe chake cha kujifunga nami nikakataa kwa sababu alikuwa nacho kimoja tu, nikachukua mfuko mpya wa taka tuliogawiwa na watu wa misaada, wao walisema unaoza ardhini, nikaona basi, utaoza kama kitambaa, sasa mvua imefukua upande wa kaburi na mfuko uko vilevile, hata maandishi yanasomeka, biodégradable, na Twahiri amefika akauona, akaniambia, "Ulimuzika mutoto wangu sawa takataka," tangu hapo hasemi nami, anataka kumfukua amtoe humo, nami naogopa, Mama, naogopa kumwona, nifanye nini?

Djamila, Kalemie

Djamila mwanangu, pole sana. Nimelia nilipoisoma barua yako, kisha nikakasirika, wala si wewe peke yako niliyekukasirikia.

Neno hilo la kwenye mfuko lina maana kwamba kitu kitaoza, halisemi lini. Iko mifuko mingine iliyoandikwa compostable. Hiyo hugeuka mbolea ya bustani kwa miezi michache, lakini mpaka uichanganye na maganda na majani, penye joto, unyevu na hewa. Hata hiyo isingekufaa, maana kaburini ni baridi na hewa hakuna. Waliowagawia walipaswa kuwaeleza. Na wewe, mtu akikukatia nguo yake siku ya msiba, pokea! Ulimwonea huruma Mama Pélagie ukajisahau mwenyewe.

Lakini mtoto hukumtupa. Nimemwuliza Shehe Shaabani wa mtaa wetu, amesema aliyekosa sanda hufunikwa kwa kilichopo, na kaburi halifukuliwi kwa ajili hiyo. Basi mwacheni alale. Nendeni kabla mvua nyingine haijanyesha, mchukue udongo mfinyanzi, mshindilie, mzungushe mawe.

Jembe usilishike wewe. Mpe Twahiri, afukie mwenyewe mpaka amalize. Hasira yake ni ya baba ambaye mwanawe alizikwa yeye hayupo. Simama karibu naye, na akilia usimnyamazishe.