Pembe Iliyokunjwa

3 Februari

Babu,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi sijambo. Shangazi anakusalimu, barua zangu huzisoma kwanza ndipo azitie stempu. Anasema nikuambie kwamba mtihani wa hesabu nimefeli kwa uvivu wangu. Samahani, karatasi imekunjika pembeni.

Mjukuu wako


12 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mguu unanisumbua, lakini mdomo ungali mzima, kwa hiyo nisikilize. Umefeli hesabu, halafu unanikunjia pembe! Mchezo huo nilikufundisha mimi: pembe ikikunjwa, barua ipigwe pasi, na maneno yaliyoandikwa kwa maji ya limau yajitokeze. Ulikuwa mchezo wa likizo, wa kuniarifu kwamba bibi yako amehamisha biskuti. Barua yako sitaipiga pasi mpaka hesabu ipande. Mshukuru shangazi yako kwa malezi.

Babu yako


27 Februari

Babu,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Shangazi ameisoma barua yako mara mbili. Amesema wewe ni mwalimu kweli kweli, maana umemfundisha na yeye. Sasa malimau hayaingii nyumbani, na pasi inafungiwa chumbani kwake. Sitaandika tena mpaka nitakapopata adabu.

Mjukuu wako


6 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuulizi hali, kwa kuwa naijua. Nimeipiga pasi ile barua ya kwanza. Yametokea haya: “Babu, siendi shule. Nafua nguo za watu. Nikichelewa ananifungia stoo bila chakula. Njoo unichukue, usimwambie.”

Nami nilimwambia, tena kwa mwandiko mzuri.

Barua hii siiposti, naileta mwenyewe. Ukisikia fimbo yangu mlangoni, toka hata kama huna viatu.

Babu yako


8 Machi

Naongezea hapa hapa, nimeketi kizingitini kwenu. Mlango una kufuli. Fundi cherehani wa jirani anasema mlihama wiki iliyopita, na shangazi yako hakumwambia mtu mwendako. “Mtoto alibebeshwa beseni la nguo mbichi, mzee,” kaniambia. “Hata kuaga hakuruhusiwa.”

Nimechungulia dirisha la stoo. Sakafuni kuna ganda la limau, limekauka.

Naisukuma barua chini ya mlango. Nimeikunja pembe.

Babu yako