Siku Tatu za Kupima Jiwe la Makobola

Baba Riziki,

Nakupa kwanza habari za vitu vyako, kwa maana ndivyo ungeviulizia kabla ya watu. Pipa letu la kung'arishia mawe lingali linazunguka. Mto Mulongwe ulifurika mara moja tangu ulipoondoka, ukachukua gurudumu la mbao na nusu ya mfereji tuliouchimba. Gurudumu nililikuta limekwama chini ya daraja, makasia yake mawili yamevunjika. Nimeyarudishia. Kazi yangu haina unyofu wa kazi yako, na kwa sababu hiyo pipa huchechemea kidogo kila linapomaliza mzunguko, ila mawe hayaonekani kujali. Mpira wa lori ulioupachika ndani ili mawe yasipasuke umeanza kulika upande mmoja. Unga wa kusagia vali za injini uliokuwa ukiutoa karakanani umekwisha. Hatua ya kwanza sasa naifanya kwa mchanga wa ziwa uliochekechwa mara tatu, nayo huchukua majuma matano badala ya mawili. Hatua ya mwisho, ile ya kung'arisha, bado ni pumba za mpunga wa Luberizi zilizochomwa zikawa jivu. Hatukuwahi kupata kilicho bora kuliko hilo, wala sijapata.

Mjini, wanajeshi wa serikali wamerudi na waasi wamepanda milimani. Shule imefunguliwa ikiwa na nusu ya madawati, kwa kuwa nusu nyingine ilifanywa kuni za kupikia maharagwe. Riziki yuko darasa la tano. Hesabu zake ni safi, mwandiko wake ni wako, yaani hausomeki.

Nimeandika haya kwa mpangilio, na ninatambua kwamba ninachelewesha.

Kesho, Jumamosi, matanga yako yanaondolewa. Nimeamriwa kusimama mbele ya watu na kueleza jinsi ulivyokufa. Kabla ya kuwaambia wao, ni haki nikuambie wewe, kwa sababu kuna sehemu moja ya habari hii usiyoijua: maneno niliyoyasema katika darasa la pili. Utaniwia radhi nikipitia na yale unayoyajua. Sehemu hiyo haieleweki bila hayo.

Mwaka wa uhuru, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa karakana yenu pale bandarini Kalundu alipanda meli kwenda Usumbura, akaacha mezani kitabu kinene cha madini na kigae cheupe cha kaure. Wenzako walichukua viti. Wewe ulichukua kitabu usichoweza kukisoma, ukaniletea shuleni kimefungwa katika shati lako la kazi. Ulisema: "Mwalimu, Kifaransa iko yako, mikono iko yangu. Weye utasoma, minye nitagusa." Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kwa miaka minne sikumbuki Jumapili ambayo baada ya ibada hatukwenda mtoni au ziwani kuokota.

Kanuni yetu ilizaliwa na kosa. Uliokota jiwe la kijani kando ya Ruzizi, ukaliinua juani, ukatangaza kwamba ni akiki. Sikubisha, maana lilikuwa zuri. Tulilitia pipani pamoja na yale meupe magumu ambayo kitabu huyaita kwarzi, tukaliacha lizunguke mwezi mzima. Tulipofungua hatukukuta jiwe. Tulikuta tope la kijani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Tumeliosha mpaka limeisha!" Kisha ukaacha kucheka, ukaniagiza niandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba jiwe lisipewe jina kabla ya kupita vipimo vinne. Ugumu wake, kwa ukucha, sarafu, kisu na kioo. Rangi ya unga wake likikwaruzwa juu ya kigae. Namna linavyovunjika. Na uzito wake hewani ukilinganishwa na uzito wake likiwa majini, kipimo ambacho kilikuwa changu, na ambacho ulikiita uganga wa Mwalimu. Pakikosekana hata kimoja, tuandike: halijulikani. Ulinifanya niape. Niliapa nikitabasamu, lakini niliapa.

Jiwe la Makobola uliliokota wewe, katika changarawe za kijiji hicho, siku tulipokwenda kununua samaki. Lilikuwa jeupe lenye kupitisha mwanga, ukubwa wa punje ya haragwe. Tulilipitisha vipimo vitatu. Kwa ajili ya cha nne ilihitajika mizani ndogo ya kupimia dawa, ambayo mwuguzi wa zahanati alikuwa akituazima. Na mwuguzi, waasi walipoingia mjini, alikimbilia kwao Luberizi akiwa na ufunguo wa kabati. Niliandika: limekata kioo, halijulikani.

Jumatatu waliyotukamata, komanda wao alitutenganisha pale shuleni. Wewe walikupeleka darasa la kwanza, mimi darasa la pili, ambalo ni langu. Alikaa katika kiti changu. Hakuwa mtu wa makelele. Alizungumza kama karani. Aliniambia kwamba watu wake, wakipita Mulongwe, walikuwa wamesikia ngurumo ya mashine siku tatu mfululizo, wakadhani tunatengeneza risasi, wakaufuata mlio mpaka mlangoni kwako. Nakuomba ulishike neno hilo, kwamba walifuata mlio. Alikuwa na daftari letu mkononi, na jiwe juu ya daftari.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nilimjibu kwamba bado halijulikani.

"Inakata kioo. Umeandika weye mwenyewe. Kitu ya kukata kioo ni nini kama haiko almasi?"

Nilimweleza kwamba yako mawe mengi yenye kukata kioo, na kwamba lile jeupe la mtoni, lisilo na thamani, ni mojawapo. Aliuliza kama basi ni hilo. Nilisema inawezekana, hata inaelekea kuwa hivyo. Akauliza kama naweza kuthibitisha. Nilisema siwezi.

Akatoka, akakaa kwako muda wa kuvuta sigara moja, akarudi.

"Mwenzako anasema ni jiwe ya bure, jiwe ya mtoni. Anaapa kabisa. Weye unasema haujue. Nani kati yenu anadanganya?"

Nikajibu: "Yeye hakulipima."

Hayo ndiyo maneno yangu, Baba Riziki. Sikuyaongeza wala kuyapunguza. Yalikuwa kweli: uzito wake hukuupima. Ulikuwa umetazama mlango, ukamtazama yule komanda, ukaona kwa haraka ambayo mimi sina kwamba lililohitajika pale lilikuwa jina moja kutoka vinywa viwili. Ukavunja kanuni uliyoitunga mwenyewe, ukitumaini kwamba nami nitaivunja. Mimi niliilinda.

Komanda alinirudishia jiwe, akaniachilia, wewe akakubakisha. "Basi pima. Minye nitangojea." Nilimchukulia neno lake jinsi ninavyochukua neno lililoandikwa. Jumanne nilitembea hadi Luberizi, nikapita vizuizi vitatu. Jumatano nilirudi na ufunguo. Alhamisi asubuhi nilifungua kabati la zahanati, nikapima hewani, nikapima majini, nikarudia mara mbili ili nisikosee. Uzito wake ulikuwa mara mbili na nusu na kidogo zaidi ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Almasi ingefika mara tatu na nusu. Lilikuwa kwarzi, jiwe la mtoni, kama ulivyosema. Nilimpelekea komanda karatasi yenye hesabu zote. Aliisoma yote, nakiri, kwa uangalifu. Kisha akaniambia kwamba gari la wafungwa liliondoka Jumatano asubuhi kuelekea Fizi, nawe ukiwa ndani, kwa sababu wakubwa wake walitaka mtu wa kuwaonyesha mahali almasi zinapookotwa.

"Ungelisema hivi Jumatatu, Mwalimu."

Juma la tatu, mvuvi wa Makobola alileta shati lako na habari kwamba ulihara siku sita katika kambi ya waasi juu ya kijiji, na kwamba yeye na ndugu yake walikuzika karibu na ufuo. Nimekwenda. Kaburi limepangwa mawe ya mviringo, makubwa kwa madogo, kwa ustadi. Nilimshukuru.

Sasa nifike kwa walio hai. Unamkumbuka Mama Sifa, jirani yenu muuza samaki wadogo wa ndagala, na maneno aliyokuwa akiturushia juu ya ua kila alipoamka: "Nyinye na pipa yenu! Naota nasafiri na treni kila siku, na minye treni sijawahi kupanda!" Mtaa mzima ulimsikia akilalamika. Kwa hiyo ulipokamatwa mtaa mzima ulijua, bila kipimo hata kimoja, ni nani aliyewaita waasi. Siku ya kwanza ya msiba alikuja na sinia la unga. Mke wako alilichukua akalimwaga barabarani. Tangu siku hiyo hasalimiwi. Wanawake humpita kwenye bomba kama hayupo. Ndagala zake huozea mezani, na sasa huzibeba kichwani hadi soko la mbali ambako hajulikani.

Mimi nilijua walifuata mlio. Nilikuwa mtu wa pekee mjini aliyejua. Nilikaa kimya muda wa mwaka mmoja, kwa sababu mtu akisema ni nini kilichowaleta, huulizwa baadaye ni nini kilichofuata. Na mwaka huo wote mkeo alinipikia kila Jumapili, akinipa kiti chako, akiniita shemeji.

Jumanne iliyopita nilimwambia. Nilimkuta anasonga bugali. Nilieleza kwa utaratibu niliokueleza wewe, tangu kwa kitabu. Aliendelea kusonga mpaka nilipofika kwenye maneno mawili ya darasa la pili. Akaweka mwiko chini.

"Rudilia."

Nikarudia.

"Ile muntu alikuuliza juu ya bwana yangu. Weye ukajibu juu ya jiwe."

Nilianza kumweleza habari ya kiapo. Alinikatiza.

"Shemeji, nyamaza. Mwaka muzima unakula hapa. Mwaka muzima unaona minye napita Mama Sifa kama napita mbwa, na unameza tu tonge. Koo yako haikuuma?"

Nilisema iliuma. Akasema haikuuma ya kutosha. Kisha akatoa amri zake, naye huzitoa kama wewe ulivyozitoa karakanani, bila kurudia. Pipa liondoke kwenye ua wake. Nimelihamishia nyuma ya shule, ambako mto uleule hupita. Niende kwa Mama Sifa siku ile ile, peke yangu. Na siku ya kuondoa matanga, mahali ambapo mzee wa ukoo huwaeleza watu namna marehemu alivyokufa, mzee akae, nisimame mimi.

Kwa Mama Sifa nilikwenda. Alikuwa akichambua ndagala, hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliendelea kutupa vichwa vya samaki upande mmoja.

"Nilijua haiko minye," akasema. "Lakini watu wakisema kila siku, Mwalimu, unaanza kujiuliza. Nilikuwa najiuliza: pengine nililalamika sana. Pengine muasi mumoja alipita, akasikia."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimehesabu salamu alizonyimwa na samaki waliooza. Sikuhesabu kwamba mwanamke yule alilala mwaka mzima akikagua malalamiko yake mwenyewe, akitafuta lile lililokuua. Nilimwomba msamaha. Alisema atanijibu Jumamosi, baada ya kusikia kama nitasema vilevile mbele ya watu au nitasema Kifaransa.

Mkeo amemtumia ujumbe kwamba aje mapema, akae naye kwenye mkeka wa ndani. Sijui kama atakuja. Hakuna aliyeniambia kama mimi nitapewa sahani, nami sikuuliza.

Nimetumia jioni tatu kuandaa maneno. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, na ilikuwa na kitabu, kigae, tope la kijani, kanuni, kiapo. Yote yalikuwa sahihi, na nilipoisoma kwa sauti niliona kwamba msikilizaji angefika mwisho akinihurumia. Niliichana. Ya pili ilikuwa fupi, ila ilikuwa na "lakini" nne. Nilizifuta moja moja, na kila nilipoifuta moja sentensi iliyobaki ilinitazama vibaya zaidi. Mimi ni mtu aliyezoea kuongeza maelezo mpaka jambo likae sawa. Hili halikai sawa kwa kuongezwa.

Ungekuwa na hasira, nami ningeipokea. Nadhani hata hivyo ungeanza kwa kunicheka, kwamba nilitembea hadi Luberizi kwa miguu kutafuta ufunguo wa kuthibitisha ulichokuwa umekwisha kusema. Kicheko chako nakikosa kuliko nilivyotarajia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Nakuahidi basi jambo moja. Kesho nitasimama, sitashika karatasi, na nitasema haya tu, kwa Kiswahili cha hapa, ili asiwepo wa kuuliza nilimaanisha nini: Kashindi, baba ya Riziki, alisema kweli. Minye nilipoulizwa, nilimfanya muongo, wakamuchukua. Mama Sifa hakuita muntu.

Kisha nitakaa chini, penye nafasi.

Pumzika, ndugu yangu.

Mwalimu