Goti Langu na Moto wa Jikoni

Mjukuu wangu Upendo, kamwene. Hapa Matembwe tupo salama. Bibi yako amemaliza kuvuna viazi, na yule mbwa mweusi amezaa.

Unasema daktari wa huko Makambako amekuambia kano ya goti imechanika, uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mama yako anakataa, anasema baridi itaingia mfupani usitembee tena. Unaniuliza umsikilize nani. Swali hilo limenitia hofu tangu juzi.

Nilipokuwa kijana niliteleza nimebeba mbao, goti likapinda. Lilivimba hata suruali haikupita. Ulikuwa mwezi wa saba, umande unaganda kwenye majani, na mimi niliogopa baridi kuliko maumivu. Nikakaa jikoni wiki mbili, goti limeelekea motoni. Kila lilipozidi kuvimba, nilisogea karibu zaidi.

Hatimaye wakanibeba hadi zahanati ya misheni. Muuguzi alilifunga goti kwa kitambaa cha maji baridi. Nilijua mguu ndiyo basi. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeanza kushuka.

“Umechelewa,” akaniambia. “Halitakunjika vizuri tena.”

Niliona aibu. Wanangu walipouliza kwa nini nachechemea, niliwajibu kwamba baridi iliniingia mfupani. Mama yako alikuwa mdogo, na ndiye aliyeniamini kuliko wote.

Msikilize daktari, mjukuu wangu. Na barua hii umsomee mama yako, maana simu naogopa kumpigia.

Babu yako