Jembe Nne, Baba Nekesa

Mpendwa Baba Nekesa,

Nimerudi kwenye briji, mchezo wetu wa karata. Najua ungeuliza hilo kabla ya kuuliza habari za watoto, basi nimelitanguliza. Watoto wako salama.

Baada ya kukuzika nilikata shauri kwamba karata sitazigusa tena. Lakini Jumamosi za nyumbani ni ndefu, na kila anayebisha hodi amekuja kumwona mjane. Pale ukumbini Kibera nilikuwa mchezaji tu, tena mkali. Nikajikaza, nikaenda. Wakanipanga na Mama Zainabu, yule Mnubi wa Makina anayeuza vitambaa karibu na msikiti. Miaka yote tumecheza dhidi yake. Kukaa naye upande mmoja, sijawahi hata siku moja.

Sasa sikia yaliyotupata. Tulikuwa tumekubaliana kwamba turufu ni jembe, na karata zangu zilikuwa nzuri za kuogopesha. Nikanusa slemu, ile ya kuahidi kushinda mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Lililobaki ni kujua mwenzangu ana esi ngapi, na kwenye mnada, pale tunapotaja ahadi zetu kabla ya kucheza, huwezi kuuliza ila kwa kutaja ahadi nyingine. Nikasema, "Maua nne."

Maua nne ndilo lililokuwa swali letu, mimi na wewe. Tulilitunga kwenye kibanda chako cha sofa kule Kawangware, mvua ikinyesha, wateja hakuna, kochi lisilo na kitambaa ndiyo meza yetu. Mzee wa Nyayo Highrise aliyetufundisha mchezo alihama kabla ya kufika sehemu ya slemu, tukajimalizia wenyewe. Ukasema, "Nikikujibu jembe nne, jua niko na esi mbili. Panda bila uoga." Nami nilipanda. Wewe ulikuwa mgumu wa maneno hata kwa salamu, lakini kwenye mnada wa karata hukuwahi kuniangusha.

Mama Zainabu akajibu, "Jembe nne."

Nikapanda moja kwa moja hadi jembe sita, ndiyo hiyo slemu. Mpinzani akaweka esi ya kopa. Akafuatisha esi ya uru. Mizunguko miwili ikaenda, nasi tuliruhusiwa kupoteza mmoja tu; tukaanguka hata kiti hakijapata joto.

Mama Zainabu hakupiga kelele. Alingoja karata ziishe, ndipo akaniuliza, "Mama Nekesa, mimi nimekuambia basi, sina cha kuongeza. Ulikuwa unapanda kwenda wapi?"

"Si umeniambia uko na esi mbili?"

"Nani amesema hivyo?"

Nikafungua mdomo, nikajibu, "Baba Nekesa."

Kijana mmoja akajifanya anatafuta simu yake. Mama Zainabu akanishika mkono na kuniambia polepole, "Mungu amrehemu. Lakini aliyekaa hapa mbele yako ni mimi."

Nilikasirika, mume wangu. Si naye, ni nawe. Wazee husema mazoea yana taabu, nami nilidhani wanasema tu. Kumbe yale yote tuliyoita sheria za mchezo yalikuwa yetu wawili peke yetu, na wewe umeondoka na nusu yake. Nilikaa siku kadhaa nikiwaza: nikimfuata huyu mama, si nitakuwa ninakufuta kwa mkono wangu? Na nisipomfuata, nirudi nyumbani kukaa na wageni wanaonitazama kwa huruma?

Mwishowe nilikwenda kwake Makina. Akaweka chai, tukapanga karata kwenye mkeka, na kila neno la mnada tukaulizana maana yake upya. Tulipofika kwenye jembe nne, aliniacha nifikirie. Nikamwambia, "Maana yake iwe 'basi, siongezi', kama unavyosema wewe."

Jumamosi iliyofuata karata zangu zilikuwa nzuri tena. Niliuliza tena kwa maua nne. Akajibu, "Jembe nne." Sauti yako niliisikia waziwazi ikiniambia nipande. Nikasema, "Pasi," nikaishia hapo bila kupanda.

Tulipata mizunguko kumi, ambayo ndiyo ahadi ya jembe nne, wala hapakuwa na wa kumi na moja. Mama Zainabu alicheka, akanipigia makofi. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama ukutani nikalia kama siku ile ya kaburini, kwa maana nilikuwa nimekukatalia kwa mara ya kwanza, na sikuwa nimekosea.

Pumzika, mpenzi wangu. Mimi bado nina mchezo.

Mkeo,
Mama Nekesa